Jinsi Wakulima wa Usukuma Walivyoishika Mizani

Kama mko katika kikundi, mwenye kusoma vizuri na asome kwa sauti, tena polepole, maana leo kuna hesabu kidogo. Itafaa pia mwe na ndoo moja ya lita 20, chupa ya lita moja, na maji. Sababu yake mtaiona mbele.

Somo letu la leo lahusu mizani. Najua wengine watasema, mizani ni chuma tu, kuna habari gani ya kuongea hapo? Lakini katika nchi hii ya Usukuma, tangu Mwanza mpaka Ntuzu, hakuna chuma kilichowatoa watu machozi kama mizani ya pamba. Tena hakuna chuma kilichowakutanisha watu kama hicho.

Kwanza turudi nyuma. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Malampaka katika nchi ya Maswa, na tangu hapo pamba ya wakulima wadogo iliweza kusafiri kwa reli hiyo mpaka pwani na kuvuka bahari. Siku hizo Bariadi haikuwa wilaya, bali ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa, na watu walijitambulisha kwa nchi za watemi wao: Ntuzu, Dutwa, Itilima, Kanadi. (Mkoa wa Simiyu wenyewe ulianzishwa 2012, kwa hiyo mtu mzima wa leo anaweza kuwa amezaliwa katika Mkoa wa Shinyanga bila ya kuhama nyumba.) Mkulima alilima kwa jembe la mkono, na baadaye kwa ng'ombe na plau. Alipanda, akapalilia, akachuma, akachagua pamba safi na fifi, akafunga mzigo wake, akaubeba kichwani au kwa baiskeli mpaka sokoni. Kazi ya karibu mwaka mzima. Kisha kazi yote hiyo ikaishia kwenye ndoana ya mizani ya mtu mwingine, ikasomwa na mtu mwingine, ikaandikwa katika kitabu asichoweza kukisoma.

Wanunuzi wa siku hizo walikuwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia, na vinu vya kuchambulia pamba vilikuwa mikononi mwao. Sisemi kwamba kila mmoja alikuwa mwizi. Lakini fikirini jinsi biashara yenyewe ilivyokaa. Bei ya pamba ya mkulima ilipangwa na serikali. Mnunuzi hakuwa na ruhusa ya kumwambia mkulima, "Leo nitakulipa nusu." Basi akitaka faida zaidi aipate wapi? Bei imefungwa, ila uzito haukufungwa. Ndipo mkono ukahamia kwenye mizani.

Tufanye hesabu. Mfikirie mzee mmoja wa Nkololo katika mwaka kama 1950. Siku hizo walipima kwa ratili. Mzigo wake una ratili 60 kamili. Tuseme bei ni senti 50 kwa ratili. Haki yake ni shilingi 30. Mizani ya mnunuzi inasema ratili 54, naye analipwa shilingi 27. Amepoteza shilingi tatu. Anazihesabu, anaona ni fedha, anakwenda zake kununua chumvi na kaniki. Hajui kwamba katika kila mizigo kumi aliyoileta msimu ule, mmoja ameutoa bure.

Sasa tumtazame mwenye mizani. Akipokea mizigo 1,000 ya namna ile amepata ratili 6,000 ambazo hakuzilipia. Pamba ya mkulima ikichambuliwa, karibu theluthi moja ni nyuzi na sehemu kubwa inayobaki ni mbegu. Robota moja la siku hizo lilikuwa la ratili 400 za nyuzi, yaani lilitaka kama ratili 1,200 za pamba yenye mbegu. Gawanya 6,000 kwa 1,200. Marobota matano. Marobota matano yamepanda gari la moshi pale Malampaka, na hapana mtu aliyelipwa hata senti moja kwa ajili yake. Na mbegu zake pia, maana mbegu zina mafuta na mashudu, nazo huuzwa.

Kila mkulima alijua kwamba anaibiwa. Jambo hili lafaa tulifikiri sana. Watu hawakukosa akili, bali walikosa njia ya kuonyesha. Ukimwambia karani, "Mzigo wangu ni mzito kuliko hapo," atakujibu, "Mizani ndiyo inayosema, si mimi." Nawe huna mizani nyingine ya kuijibu ile. Uchukue mzigo wako urudi nao nyumbani? Usiku unaingia, kodi inadaiwa, watoto wangoja. Hasa baada ya mwaka 1949, ambapo mvua zilikuwa haba katika sehemu nyingi za Tanganyika, na nyumba nyingi zililala kwa michembe na matobolwa, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuurudisha mzigo nyumbani.

Basi wakulima wakafanya jambo dogo sana. Walitafuta mizani ya pili.

Katika miaka ile ya kuelekea 1950 na iliyofuata, wakulima wa Usukuma na Ukerewe walianza kuweka wapimaji wao wenyewe. Mkulima alipima kwanza kwa mpimaji wake, akaujua uzito, kisha ndipo akaenda kwa mnunuzi. Mizani mbili zikisema maneno mbalimbali, mmoja lazima ajieleze. Jambo la ajabu, ndugu zangu, ni kwamba mizani ya pili haikuwa na haja ya kumshtaki mtu. Kuwapo kwake tu kulitosha kuifanya ile ya kwanza iseme kweli zaidi.

Na nani aliisoma mizani hiyo? Ni vijana waliopata miaka michache ya shule. Wazee walikuwa na pamba bila kusoma, na vijana walijua kusoma bila kuwa na pamba. Tena Wasukuma walikuwa na desturi ya zamani ya vikundi vya kulima kwa zamu, chini ya kiongozi wa vijana aliyeitwa nsumba ntale. Watu waliozoea kuitana shambani hawakuona ugeni kuitana sokoni. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ushirika ni kitu kilichotoka Ulaya, mwambie kwamba sheria yake ilitoka huko, maana sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ni ya mwaka 1932, na fikira zake ni za Kiingereza. Lakini mazoea ya kusaidiana yalikuwapo shambani kabla ya sheria.

Sasa huingia habari ya Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925, na akiwa kijana alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Yeye na wenziwe walizunguka vijijini wakiwaambia watu neno moja: wapimaji peke yao hawatoshi, hapana budi wakulima wanunue pamba yao wenyewe na kuiuza wenyewe. Wakaunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na kuanzia mwaka 1953 vyama vya msingi vya wakulima vikaanza kuandikishwa. Bomani alipelekwa Uingereza kusoma mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough, akarudi, na mwaka 1955 vyama vile vikaungana kuwa shirikisho moja kubwa lililoitwa Victoria. Mwaka uliofuata shirikisho hilo lilikuwa na kinu chake huko Kasamwa katika Geita. Ilipofika 1960 pamba ya Jimbo zima la Ziwa ilikuwa ikipita katika mikono ya ushirika, na watu waliutaja kuwa mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika vya Waafrika katika bara hili.

Miaka saba tu! Na msidhani kwamba serikali ya kikoloni ilifurahi kwa yote. Mwaka 1954 ilikataza TANU kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa, na katazo hilo lilidumu mpaka 1958. Kwa muda wote huo chama cha siasa kilikuwa kimefungwa mdomo, lakini mikutano ya pamba iliendelea, kwa kuwa hakuna serikali iwezayo kuwakataza wakulima kuzungumza habari za pamba huku ikiwahimiza kuilima. Bomani mwenyewe baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru, kisha balozi wetu Marekani. Alifariki mwaka 2005.

Wakulima nao walipata nini? Tazameni nyumba za zamani za vijiji vya Ntuzu na Itilima. Plau, baiskeli, bati la kwanza, ada ya shule ya mtoto wa kwanza kusoma katika ukoo: fedha zake nyingi zilitoka katika ratili zile zilizokuwa zikipotea. Si kwamba bei ilipanda sana. Walichopata ni uzito wao.

Kama hadithi ingeishia hapo ningefurahi kuaga mapema. Lakini somo si la haki likiacha nusu ya habari. Mizani ilipoingia mikononi mwa ushirika, baadhi ya makarani wetu wenyewe wakajifunza ujanja ule ule. Malalamiko yakazidi hata mwaka 1966 serikali ikaweka kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika, na uchunguzi ukaonyesha wizi na uzembe mwingi. Shirikisho la Victoria likavunjwa, ukawekwa ushirika wa Nyanza mahali pake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchi nzima. Sheria ya 1982 ikavirudisha, na kwa upande wa Shinyanga, ambamo Bariadi ilikuwamo, kikaanzishwa chama kikuu cha SHIRECU mwaka 1984. Miaka kumi baadaye, 1994, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa tena. Na mwaka 2018 serikali ikaagiza kwamba pamba inunuliwe kwa kupitia vyama vya msingi vya wakulima, ambavyo watu huviita AMCOS.

Mnaona jinsi mwenye mizani alivyobadilika mara nyingi. Mfanyabiashara, ushirika, bodi, kampuni, ushirika tena. Ndiyo sababu mimi sitawafundisha leo kumwamini huyu na kumwogopa yule. Nitawafundisha kuipima mizani yenyewe. Anayejua kuipima hana haja ya kuuliza ni ya nani.

Haya, leteni ndoo.

Mizani ya kuning'inia yenye uso kama wa saa ina makosa ya namna mbili, nayo hayafanani. Kosa la kwanza ni kosa la mwanzo. Kabla ya kutundika kitu chochote, mshale haukai penye sifuri, bali umerudi nyuma, tuseme kilo tatu. Mizani hii itakula kilo tatu katika kila mzigo, uwe mdogo au mkubwa. Ukileta kilo 20, itasoma 17. Ukileta kilo 60, itasoma 57. Mnaona nani anayeumia zaidi? Ni mjane mwenye shamba la nusu ekari, anayeleta kidogo kidogo kila anapochuma. Akigawanya kilo zake 60 katika safari tatu ataliwa kilo tisa, na jirani yake aliyezileta kwa mara moja ataliwa tatu. Kosa hili huonekana kwa macho. Simama mbele ya mizani, si kwa upande, maana ukitazama mshale kwa upande utaona namba isiyo yake. Hakikisha ndoana ni tupu. Mshale haupo penye sifuri? Sema hapo hapo, kwa heshima, mbele ya watu: "Ndugu karani, tunaomba uirudishe kwenye sifuri kwanza." Na kama ndoana ina kamba au shuka la kubebea, basi uzito wa kamba na shuka ukatwe kwa kadiri yake, usikisiwe.

Kosa la pili ni la hatari zaidi, maana halionekani. Mshale umekaa vizuri penye sifuri, lakini kamani ya ndani imechezewa, nayo hupunguza kwa kadiri. Kilo 20 husoma 18, kilo 40 husoma 36, kilo 60 husoma 54. Huyu ndiye mwizi wa yule mzee wetu wa Nkololo. Hapa kutazama sifuri hakusaidii kitu. Hapa ndipo panapotakiwa maji.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chukueni chupa ya lita moja, mwipime ndoo yenu kwa chupa hiyo mara 20, muweke alama ya wino pale maji yanapoishia. Msiamini maandiko ya kiwandani, wala msijaze mpaka ukingoni, kwa sababu ndoo nyingi huchukua zaidi ya zinavyosema. Sasa tundikeni ndoo tupu, msome. Tuseme imesoma kilo moja. Tieni maji mpaka kwenye alama, mtundike tena. Lazima isome 21. Ile tofauti kati ya tupu na yenye maji ni lazima iwe 20. Ikiwa 18, mizani ile ina kosa la kadiri, na hakuna maneno yatakayoisafisha. Mkiwa na ndoo mbili, jaribuni na kilo 40 pia, maana ipo mizani inayosema kweli kwa mzigo mwepesi na kudanganya kwa mzito.

Jambo hili lichukue robo saa, tena lifanywe kabla ya siku ya kwanza ya kununua, si siku ambayo watu wamejipanga na jua limewaka. Mwenyekiti wa chama awepo, karani awepo. Karani mwaminifu atashukuru, kwa kuwa mizani mbovu humharibia jina hata asipokuwa na hatia.

Je, katika miaka ya karibuni si imekuja mizani ya kidijitali yenye kuonyesha namba kwa mwanga? Naam. Nayo ndoo ya maji huijaribu vile vile. Namba kuwaka haina maana ya namba kuwa kweli. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, yataka mizani ya biashara ikaguliwe, na kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo, iliyoanza mwaka 2002. Mizani iliyokaguliwa huwekwa alama ya ukaguzi. Itafuteni alama hiyo, na muulize ni ya mwaka gani. Mkikuta mizani ina kosa, msiivunje wala msimpige mtu. Andikeni siku, mahali, na namba mlizosoma kwa ndoo, watu wawili watie sahihi, mpeleke kwa Wakala na kwa ofisa wa ushirika wa wilaya. Malalamiko yenye namba husomwa kwa namna nyingine kabisa.

Lakini na sisi wakulima tusijifanye malaika. Wapo wanaonyunyiza maji katika pamba usiku wa kuamkia soko, na wapo wanaotia mchanga. Maji huozesha mbegu na kuharibu rangi ya nyuzi. Mchanga hula misumeno ya kinu. Mnunuzi akishazikuta hizo mara mbili tatu, hukata uzito wa watu wote wa kituo kile, hata wa yule mjane aliyeianika pamba yake juu ya kitanda cha miti. Hivyo mwenye kutia maji hamwibii mnunuzi, humwibia jirani.

Nadhani wengine wenu mmekwisha kuiacha pamba, au mmepunguza. Sishangai. Msimu wa 2005/06 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 370,000 za pamba yenye mbegu, ikawa rekodi, na baada yake mavuno yakapungua. Wengi wakageukia dengu katika zile mbuga nyeusi, na choroko, mpunga, alizeti. Basi ndoo ya maji haijui kama unauza pamba au dengu. Na kwa mazao ya magunia kuna lile donda la lumbesa, ambapo gunia hushonewa kichwa juu ya kichwa na kuuzwa kwa bei ya gunia moja. Dawa yake ni ile ile ya wazee wa 1950: usiuze kwa macho, uza kwa kilo, na ujue kilo zako kabla ya kufika kwa mnunuzi.

Kwa vikundi, baada ya kusoma, zungumzeni maswali haya. Katika kituo chenu, mizani ilijaribiwa lini mara ya mwisho, na nani alikuwapo? Mwanachama asiyejua kusoma hupata stakabadhi, lakini nani humsomea, na je, msomaji huyo ni karani yule yule aliyepima? Wako wazee katika kijiji chenu wanaokumbuka wapimaji wa kwanza wa wakulima, au waliosimuliwa na baba zao? Waiteni, na kijana mmoja aandike wanayoyasema.

Kisha fanyeni hesabu hii. Mama mmoja wa Dutwa ameleta pamba mara nne, kila mara kilo 25. Mshale wa mizani umerudi nyuma kilo mbili. Tuseme bei ni shilingi 1,000 kwa kilo. Amepoteza shilingi ngapi? Na kama angaliungana na jirani zake watatu wenye mizigo sawa na wake, wakapima kwa pamoja mara nne, wakagawana hasara, angalipoteza ngapi? Majibu yatasomwa juma lijalo, saa hii hii.